Unataka kupeleka ka-Swift kako traki? Injini iache kwanza

Kila Safari Rally ikipita Naivasha maswali yanarudi yale yale. Mtu ana Swift Sport, mwingine Golf GTI, mwingine ana Impreza WRX ya miaka hiyo, ameangalia video mpaka saa nane usiku, damu inamchemka, anauliza: "Wakuu, hii gari yangu nataka niipeleke traki, nianze na nini?" Basi majibu yanamiminika. Weka ekzosi kubwa. Chipu injini, yaani kompyuta yake ipangwe upya itoe nguvu zaidi. Toa thamostati. Kata springi. Funga rimu za inchi 18. Na kila anayejibu ana binamu yake aliyefanya hivyo hivyo na gari "ikawa moto".

Ikawa moto kweli, hapo hatubishani, na joto ndiyo mada yenyewe. Gari ndogo iliyotoka kiwandani na nguvu zake za kutosha mara chache sana inakwama traki kwa kukosa nguvu, inakwama kwa sababu kitu fulani kimepata joto kuliko kilivyozoea: mafuta ya breki, tairi, oili, maji ya rejeta, wakati mwingine dereva mwenyewe. Ukilishika hilo moja maandalizi mengine yanajipanga, unajua hela ianze wapi na wapi usiitupe.

Tuelewane maneno kwanza maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Traki ni barabara ya lami inayojizungusha, imefungwa, haina bodaboda wala mbuzi wala tuta lisilopakwa rangi. Siku ya traki ni siku ambayo mwenye traki au klabu inawafungulia geti watu wenye magari yao ya kawaida, unalipa, unapewa maelezo ya usalama, halafu mnaingia kwa vipindi, mara nyingi dakika 15 mpaka 20 kila kimoja. Hakuna mshindi wala kikombe. Sehemu nyingi hata kujipima muda hawataki, na kumpita mwenzako kuna utaratibu, unapita pale paliporuhusiwa na yeye akiwa amekuachia njia. Mbio zenyewe ni kitu kingine, mnaondoka pamoja, mnagusana, na gari inatakiwa iwe na vizimba vya chuma ndani na vibali vyake. Halafu kuna mashindano ya kupambana na saa, gari moja moja inaachiwa, kama KiambuRing kule Tigoni ambako barabara inafungwa na saa ndiyo inaamua. Na rali ndo hiyo ya Naivasha iliyorudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, ya vumbi na mawe, gari inainuliwa juu, chini inakingwa na bamba, pembeni ya dereva kuna mtu anasoma noti. Kwa hiyo ukiona gari ya rali imefungwa kitu fulani usikimbie kukifunga kwenye yako ya lami, yule ana shida zake tofauti na zako.

Mfano wetu uwe Swift Sport ile ya 2005 mpaka 2010, maana naijua tabia yake na bado zinatembea. Injini ya lita 1.6 isiyo na tabo (ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 125 kwa hesabu za Japani, uzito kilo elfu moja na sitini hivi, diski za breki magurudumu yote manne. Mtu atacheka, farasi 125 tu? Subiri kwanza.

Breki

Piga hesabu na mimi. Swift yetu ukiwemo wewe na mafuta tuseme ni kilo 1,200. Unakuja kwenye mstari mrefu ukiwa 160, mbele kuna kona ya 60, unakanyaga. Nguvu ya mwendo uliyotakiwa kuiondoa hapo inaweza kuchemsha lita tatu za maji ya chai kutoka baridi ya bombani mpaka yanatokota, na wewe umeiondoa ndani ya sekunde nne tano kwa vipande vinne vya chuma, na vya mbele ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Traki ikiwa na kona tano kama hizo basi mzunguko mmoja ni lita 15. Kipindi cha dakika 20 unaweza kuzunguka mara kumi. Hizo ni lita 150, robo tatu ya pipa la chuma, zote zimechemkia kwenye diski zako. Upepo na injini vinasaidia kidogo kupunguza mwendo, sawa, lakini sehemu kubwa inaishia breki.

Na mwendo ukizidi mara mbili hiyo nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ndiyo maana breki zile zile ambazo mjini hazijawahi kukuangusha miaka mitano zinaweza kukukimbia traki mzunguko wa nne. Aliyewahi kushuka Mai Mahiu au Kitonga nyuma ya lori anaijua ile harufu kali ya pedi zinazoungua, hiyo harufu ndo utaisikia kwenye gari yako.

Sasa zinakimbiaje? Kuna namna mbili na ni muhimu uzitofautishe kwa mguu. Ya kwanza, unakanyaga pedeli inazama laini mpaka chini kama haina kitu. Hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, yametengeneza mvuke, na mvuke unabonyea wakati mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubonyeza viputo. Ya pili, pedeli ni ngumu kabisa, unakanyaga mpaka paja linauma, gari haisimami. Hapo mafuta ni mazima, pedi ndizo zimepita joto lake na zimeanza kuteleza juu ya diski. Tatizo la kwanza hulitibu kwa kununua pedi, na la pili hulitibu kwa kumwaga mafuta, na watu wanatupa hela kila siku kwa kutibu lisilo lake.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, yaani hata gari ikiwa imepaki. DOT 4, ile daraja ya kawaida ya mafuta haya, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230, ikishanyonya maji asilimia tatu na kitu kiwango kinashuka mpaka 155. Na gari nyingi huku tangu zishuke melini hakuna aliyewahi kubadilisha hayo mafuta, yanaongezwaongezwa tu yakipungua, ukifungua kopo unakuta kitu cha rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa kabla hujanunua kitu chochote cha kung'aa ni kumwaga yote na kuweka mapya, ama DOT 4 nzuri ama yale ya mashindano ambayo yakiwa mapya yanavuka nyuzi 300. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4 bila ugomvi. DOT 5 bila hiyo pointi moja ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiiweke, na ndiyo hizo namba zinafanana makusudi ya kuwachanganya watu nadhani.

Fundi akitoa upepo wa breki, yaani kufukuza hewa na mafuta ya zamani, simama pale uangalie. Mpira mwembamba unaoonesha unachomekwa kwenye nipo ya kalipa, kale kamdomo ka kutolea mafuta, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga, unaona mafuta meusi yanatoka, halafu viputo vidogo vidogo, halafu yanabadilika rangi yanakuwa kama maji ya dhahabu. Fundi akifungua, akafunga fasta, akasema tayari bosi bila wewe kuona rangi ikibadilika, hiyo kazi haijafanyika.

Kisha pedi. Za kawaida zimetengenezwa ziume asubuhi ya baridi, zisilie, zisichafue rimu. Za traki zinavumilia joto kubwa zaidi ila zikiwa baridi zinauma kidogo, zinapiga kelele, na zinakula diski. Kwa siku yako ya kwanza pedi za kati, zile za barabarani za kiwango cha juu, zinatosha. Nunua kwa mtu unayemwamini maana feki zipo na boksi linafanana mpaka herufi. Zikifungwa mpya usiende nazo traki siku hiyo hiyo, zipashe kwanza taratibu barabarani, breki kadhaa za wastani bila kusimama kabisa, ziache zipoe, zikae sawa na diski.

Kuna wanaosema diski kubwa na kalipa za pistoni nne zitakusimamisha mapema zaidi. Jamani. Kinachosimamisha gari mwisho wa siku ni tairi kushika lami. Kama breki zako za kiwandani zinaweza kuamsha ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, maana yake tayari zina nguvu kuliko tairi, kuongeza ukubwa hakutapunguza mita za kusimama kwa breki ya kwanza. Faida ya diski kubwa inakuja breki ya ishirini, maana zinabeba joto zaidi na kulitoa haraka. Na zile diski zenye matundu, ukizitumia kwa fujo matundu ndiko nyufa zinakoanzia, kwa hiyo Swift yetu acha diski zake bapa za kawaida, zikiwa nzima na nene ya kutosha.

Tairi

Hapa pia joto, ila kwa upande mwingine. Tairi inataka joto kiasi ndo ishike, ikizidi inakuwa kama mafuta. Upepo uliojaza asubuhi psi 32 utakuta umefika 38 au hata 40 baada ya mizunguko michache, maana hewa ikipata joto presha yake inapanda. Wengi wanafikiri tairi ikijaa sana ndo inakuwa ngumu na gari inatulia, wanaenda traki na 40 ya baridi, ikipata moto inafika huko 46, tairi inavimba katikati, inagusa lami kwa kaukanda kadogo, gari inaanza kuserereka halafu anailaumu tairi.

Fanya hivi: anza na namba ya kwenye stika ya mlango, zunguka, rudi, pima hapo hapo ikiwa ya moto. Toa upepo mpaka 34 hadi 36 ikiwa ya moto kama mahali pa kuanzia. Halafu chukua chaki, chora mstari kwenye bega la tairi kutoka pale kashata za kukanyagia zinapoishia mpaka kwenye ubavu, uende tena. Ukirudi angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni huko tairi inajilaza sana, ongeza upepo kidogo. Isipofutika hata begani, bado imejaa sana. Chaki ya shilingi chache inakupa jibu ambalo watu wanalibishania wiki nzima. Nunua na geji yako mwenyewe, ile ya kwenye kituo cha mafuta iliyodondoshwa mara mia usiiamini. Na jioni kabla hujaingia barabarani rudisha upepo, hili linasahaulika sana, tairi ikipoa unakuta uko na 27 unaelekea nyumbani kwa hizo kilomita zote.

Nitrojeni? Hewa ya kawaida tayari asilimia 78 ni nitrojeni. Faida yake ni kwamba ni kavu kwa hiyo presha yake inapanda kwa utaratibu zaidi, basi. Hela hiyo weka kwenye geji.

Umri wa tairi ndo kitu cha kutazama kwa makini, hasa huku kwetu tairi za mtumba zilivyojaa. Ubavuni pana neno DOT na mwisho wake tarakimu nne, mfano 2319, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira umeshakufa, umekauka, una vinyufa vyembamba kama nywele. Mjini itakubeba, traki itachanika vipande. Pia kuna namba pembeni ya neno TREADWEAR: za kawaida nyingi ni 300 mpaka 500, za watu wa traki ni 200 kushuka chini, namba ikishuka mpira ni laini zaidi na unaisha haraka. Siku ya kwanza nenda na tairi zako za kawaida nzuri. Sio ubahili. Tairi ya kawaida inalia kabla haijaachia, inakuonya, unajifunza. Ile laini inashika sana halafu inaachia ghafla ukiwa na mwendo mkubwa zaidi.

Gari kukataa kona

Gari hizi ndogo karibu zote zinavutwa na magurudumu ya mbele. Tairi mbili za mbele zinafanya kazi zote, zinakata kona, zinavuta, zinabeba breki nyingi, za nyuma zimekaa kama abiria. Ndiyo maana ukiingia kona na mwendo mkubwa unakata usukani na pua inaendelea mbele kama haijakusikia. Ukikata zaidi inazidi. Dawa ni kupunguza gesi kidogo na kusubiri tairi zishike, lakini taratibu, maana ukiiachia gesi ghafla katikati ya kona uzito wote unaruka mbele, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unatoka. Kwenye Swift fupi namna ile mkia ukitoka unatoka upesi.

Kwenye vyuma, kitu chenye faida kubwa kwa hela ndogo ni alaimenti, yaani pembe ambayo tairi zinasimamia. Tairi ya mbele ya gari ya kiwandani imesimama karibu wima, gari ikilala kwenye kona tairi nayo inalala, bega la nje linasuguliwa peke yake mpaka linabaki waya. Ukizilaza tairi kidogo kwa ndani juu, nyuzi mbili hadi mbili na nusu, ukiwa kwenye kona zinakaa bapa. Kwa shokapu za mbele za gari hizi mara nyingi unaanza kwa kubadilisha bolti za juu za nakoli, kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa zile zenye kipimo cha kurekebisha. Gharama yake ni tairi kulika ndani kidogo kwenye safari za kawaida, unakubali.

Kukata springi ni dhambi. Nasema hivyo makusudi kwa sababu bado watu wanaleta picha wakisifiwa. Springi iliyokatwa imekuwa ngumu kidogo, ndiyo, lakini fupi sana, shokapu ile ile ya zamani inafanya kazi ikiwa imejikunja muda wote, katikati ya kona inafika mwisho wake inagonga mpira, na hapo gari inaruka pembeni bila taarifa. Pia gari ikiinuliwa, springi inaweza kulegea kwenye kikalio chake. Shokapu mpya za kawaida na bushi mpya zinaifanya gari ya miaka kumi na tano iwe nyingine kabisa, na ni kazi isiyoonekana kwenye picha ndiyo maana haina mashabiki.

Maji, oili na zile hadithi za thamostati

Hii ya kutoa thamostati ni ugonjwa wa Afrika Mashariki nzima. Gari inachemsha, fundi anatoa thamostati, haichemshi tena wiki mbili tatu, basi inakuwa sheria. Thamostati ni mlango unaojifungua maji yakifika nyuzi 80 na kitu hivi. Kwenye injini nyingi ikifunguka inafunga wakati huo huo njia ya mkato ambayo maji yanapita bila kuingia rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupozwa, na ni traki ndiko utakapoona matokeo. Gari ikichemsha tafuta sababu: rejeta imeziba kutu za maji ya bomba, feni haiwaki, kifuniko kimechoka, pampu, au gaskiti ya hedi.

Kifuniko cha rejeta ndo kinadharauliwa kuliko vyote. Kinashikilia presha ndani, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na ushee, maji kwenye sufuria yanachemka kama nyuzi 94 hivi, sio 100. Kifuniko kizima cha presha ya bar 1.1 kinapandisha mpaka karibu 119. Kikiwa kimechoka, hiyo akiba yote hauna. Weka kipya, weka kulanti yenyewe iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, zoezi la asubuhi moja.

Huo urefu wa Nairobi una jambo lingine. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Swift ya farasi 125 ya Mombasa, Limuru ni kama farasi mia moja tu. Yenye tabo inajitahidi kujazia, lakini tabo inazunguka kwa nguvu zaidi na hewa inayotoka humo ni ya moto zaidi, kwa hiyo mwenye WRX asijione amepona, yeye ana joto mara mbili. Na kama gari iliyochipuliwa imepangiwa petroli ya oktani ya juu ya Japani halafu wewe unaweka ya pampu yoyote iliyo karibu, injini inagonga, yaani petroli inajiwasha vibaya humo ndani, na injini inayogonga kwa dakika 20 mfululizo haitakuomba ruhusa kufa.

Oili iwe mpya na ifike alama ya juu ya kijiti, isizidi. Sababu yake: tairi nzuri ya barabarani inaweza kukupeleka kwenye kona kwa nguvu ya pembeni inayokaribia ile ya uzito wako mwenyewe, na hapo oili ndani ya sampo, lile bakuli la chini ya injini, inalala karibu nyuzi 45, imepanda ukuta upande mmoja. Kama ilikuwa imepungua lita moja, pampu inavuta hewa, na beringi za injini zinazunguka kavu kwa sekunde mbili. Sekunde mbili kila kona. Taa ya oili ikiwaka kwenye kona halafu ikazima usiseme "imezima yenyewe", toka.

Filta ya hewa ya wazi iliyowekwa chini ya boneti kando ya ekzosi inavuta hewa ya moto, inatoa sauti nzuri, nguvu inapungua. Ekzosi kubwa nayo inaongeza sauti, na huko nje inaweza hata kukurudisha getini: traki nyingi za Uingereza wanapima kelele kabla hujaingia, kikomo cha desibeli 105 gari ikiwa imesimama ni cha kawaida sana, ukizidi unaangalia wenzako kutoka pembeni na hela hairudi.

Ndani ya gari

Toa kila kisichofungwa. Jeki, tairi ya akiba, chupa za maji, mwavuli, viatu vya wifi, na kapeti ya dereva hasa, ile ikijikunja chini ya pedeli ndo basi. Betri iangalie imefungwa na nini, maana ukifungua boneti za gari zetu nusu yake betri imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Weka bracketi yake. Chomeka ile ndoano ya kuvutia inayokaa na vifaa vya jeki, ukikwama kwenye kokoto wakukute nayo tayari. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema, na zirudiwe baada ya kipindi cha kwanza.

Helmeti ya bodaboda haifai, hata ile ya elfu nyingi. Zinazokubalika zaidi kwa magari zina stika ya Snell, shirika linalopima helmeti, ndani yenye herufi SA, zina kitambaa kisichoshika moto. Herufi M ni za pikipiki, baadhi ya waandaaji wanazikubali, uliza mapema. Mikanda ya pointi nne kwenye siti ya kiwandani iache, siti ile haina tundu la mkanda wa katikati ya miguu, ukigonga mwili unateleza chini na mkanda wa tumbo unapanda kwenye nyama laini. Mkanda wa kiwandani umepimwa pamoja na siti yake na eabegi yake. Na kizimba cha chuma kwenye gari unayoipeleka shuleni watoto ni hatari, kichwa kisicho na helmeti na bomba la chuma sentimita chache pembeni, hata ajali ndogo ya mjini inakuwa kubwa.

Bima soma kabla. Bima kubwa ya kawaida mara nyingi ina mstari unaosema mbio na majaribio ya kasi hayamo, na "haikuwa mbio, ilikuwa siku ya traki" sio sentensi unayotaka kuanza kuieleza huku gari iko kwenye lori. Walioko Ulaya wanaotamani Nürburgring, ile traki ya Ujerumani, wajue ile njia ndefu ya kilomita 20.8 siku za wazi inahesabiwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, sheria za barabarani za Ujerumani zinafanya kazi humo ndani, na ukiharibu ukingo unalipia. Walioko Ghuba wana Dubai Autodrome na Yas Marina, huko adui ni hewa yenyewe ya nyuzi arobaini, ndiyo maana wanapenda usiku. Kwa aliye Afrika Kusini kuna Kyalami.

Ukiwa ndani mzunguko wa kwanza ni wa kupasha, breki nyepesi. Mitatu minne ya kukaza. Halafu mmoja wa kupoza, gia kubwa, breki usiziguse ukiweza, acha upepo upite. Bendera ya njano punguza, nyekundu kipindi kimesimamishwa, ya bluu kuna mwenye kasi nyuma yako. Ukirudi usivute hendibreki kabisa, pedi za moto zinabana diski sehemu moja zinaacha alama, na kesho usukani unatetemeka. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi, fungua boneti.

Kabla ya kurudi nyumbani angalia pedi zimebaki nene kiasi gani, upepo, oili, nati. Pedeli ikiwa imelegea kidogo kuliko asubuhi toa upepo wa breki upya, mafuta yaliyokwishachemka hayarudi kuwa yale. Na ile chupa uliyoifungua ukabakiza nusu usiifunge ukaiweka kabatini ya mwakani, tangu uvunje sili inanyonya unyevu, mpe fundi aitumie leo kwenye gari nyingine.